Shimba ni ya Kulala, Si ya Kupita

Siku ya hewa safi, mkazi wa Port Reitz akitazama ng'ambo ya hori na mikoko, upande wa kusini-magharibi, huona ukingo wa buluu umekaa juu ya upeo. Ile ndiyo Milima ya Shimba, kaunti ya Kwale. Wengi wa Changamwe wanaijua kwa macho tu. Waliofika mara nyingi walikwenda kwa siku moja: gari limekodiwa, pilau limepakiwa, langoni saa nne asubuhi, na ikigonga saa tisa wanageuza wawahi kurudi. Wakiulizwa waliona nini, jibu ni lile lile: kule hakuna wanyama, ni miti tu.

Wanyama wapo. Kilichokosewa ni saa. Anayeingia Shimba saa nne na kutoka saa tisa amechagua kipande cha siku ambacho karibu kila mnyama mkubwa amejificha kivulini, akaviacha vile viwili wanapotoka. Ndiyo maana mzazi wa Mombasa akiniuliza aanzie wapi kuwapeleka watoto kupiga kambi mlimani, simtajii Mlima Kenya wala Aberdare. Namwambia aanze na hapa karibu, na alale.

Kisingizio cha feri nacho kimekwisha. Kutoka Port Reitz unashika barabara ya Dongo Kundu, unavuka daraja la Mwache na lile refu la Mteza, unaibukia Kibundani kwenye barabara ya Lungalunga bila kukanyaga kivuko cha Likoni. Ukifika Kombani unakata kupanda Kwale. Asiye na gari anaweza kufika mjini Kwale kwa matatu, ila ndani ya hifadhi huwezi kutembea kwa miguu utakavyo, kwa hiyo familia mbili zikichangia gari moja ni nafuu. Malipo ya kuingia na ya kambi hufanywa kwa eCitizen kabla ya safari. Usitegemee kutoa noti langoni.

Waliopanda milima mirefu huenda wakacheka tukiiita Shimba milima. Kilele chake hakifiki hata mita 500 juu ya bahari. Lakini urefu si hoja peke yake. Shimba imesimama karibu na bahari na imeukabili upepo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, hewa nyevu ya Bahari ya Hindi hugonga mteremko, ikalazimika kupanda, ikapoa, na unyevu wake ukageuka ukungu na manyunyu. Alfajiri ya Julai au Agosti ukungu huo unaweza kulala juu ya nyasi hata baada ya jua kuchomoza. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hivyo kati ya Port Reitz na kambini tofauti ni nyuzi 2 au 3. Ukiisoma ni ndogo. Mtoto aliyezoea kulala kifua wazi chini ya feni, akikutana nayo pamoja na upepo na umande, atawaamsha nyote saa tisa usiku. Chukueni blanketi, soksi na sweta, na mkeka au godoro la kuzuia baridi ya chini, maana ardhi huiba joto la mwili zaidi kuliko hewa.

Maji yanayodondoka pale hayapotei. Juu ya Shimba kuna mwamba wa mchanga wenye chembe kubwa, unaopitisha maji. Chini yake mna tabaka zisizopitisha. Maji yakizifikia hutafuta njia ya pembeni, yakatoka kama chemchemi. Mojawapo ni Marere, inayolisha Mombasa tangu enzi za wakoloni. Hata maji ya Mzima, yanayotufikia kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, ni mvua iliyonyesha Milima ya Chyulu, ikapenya mawe ya volkeno na kuibukia Tsavo Magharibi. Changamwe tunalalamika mifereji ikikauka, na tuna haki, ila wachache wanajua kwamba tunakunywa milima.

Unyevu huo huo ndio uliopanga mahali pa kumtafutia mnyama. Penye maji mengi na mabonde, msitu umeshikana. Juu ya tambarare za mlima kuna nyasi, na nyasi hizo hazijiwekei zenyewe. Pasipochomwa moto kwa mpango wala kulishwa, vichaka huzimeza. Kwa hiyo ukiona mbuga imeungua nusu usidhani ni uharibifu. Wiki chache baada ya mvua hapo huchipua majani machanga, na majani machanga huwaita walaji. Mahali pa kuegesha gari na kutulia ni ule mpaka ambapo msitu unakoma na nyasi zinaanza. Mnyama wa Shimba hulala upande mmoja na kula upande wa pili, na njiani lazima avuke mbele yako.

Mwenyeji mkuu wa mpaka huo ni palahala. Katika Kenya nzima palahala wa porini wako Shimba tu, na hata hapo ni wachache. Dume aliyekomaa ni mweusi, tumbo jeupe, uso una michirizi myeupe, na pembe zimepinda nyuma kama jambia. Za madume wakubwa hupita urefu wa mita 1. Majike na vijana ni wa rangi ya kahawia. Hutembea kwa makundi ya majike na watoto, na dume hushika eneo lake akingoja makundi yapite humo. Wakipigana hupiga magoti ya mbele kisha pembe zinakutana. Wenye kupenda kandanda watafurahi kusikia kwamba timu ya taifa ya Angola, Palancas Negras, imebeba jina la ndugu yake, palahala mkubwa wa nchi ile.

Sasa fikiria dume mweusi kwenye uwanda wa nyasi saa saba mchana. Rangi ile hunyonya joto. Hana sababu ya kukaa juani ili apigwe picha. Hula mapema asubuhi, hujitenga kivulini mchana, hurudi jua likipoa. Jike aliyezaa karibuni humficha mtoto kwenye nyasi ndefu kwa siku za mwanzo, akaenda kula mbali na kurudi kumnyonyesha. Ukimwona peke yake akitazama sehemu moja kila mara, usisogeze gari huko.

Aliyelala ndani yuko kwenye nyasi saa kumi na mbili unusu, chai ikiwa kwenye chupa. Anayetoka Port Reitz siku hiyo bado anatafuta viatu vya watoto.

Ndovu nao hufuata saa hizo hizo, kwa sababu zao. Mwili mkubwa hupoa polepole, kwa hivyo mchana husimama msituni wakipunga masikio, ambayo mishipa yake hupoza damu. Jioni hutoka kwenda majini na kwenye majani. Uhusiano wao na watu wa hapa umekuwa mgumu. Msitu ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1903, na sehemu kubwa ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, huku mashamba ya Wadigo na Waduruma yakiwa ukingoni kabisa. Mwaka 1995 wenye ardhi upande wa kaskazini walikubali kuyaacha mashamba yao yawe njia na malisho ya ndovu, na hapo ikazaliwa hifadhi ya jamii ya Mwaluganje. Kati ya vitu vinavyouzwa huko ni karatasi iliyotengenezwa kwa mavi ya ndovu, zawadi ambayo watoto hawaisahau. Bado ndovu walizidi nafasi. Mwaka 2005 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilihamisha zaidi ya 100 kuwapeleka Tsavo Mashariki, na baadhi hawakukaa pale walipoteremshwa.

Historia hiyo inamhusu mpiga kambi moja kwa moja. Ndovu wanaoishi mpakani mwa mashamba wanajua harufu ya ndizi, embe, muwa na mahindi. Usilale na matunda ndani ya hema, hata ganda la chungwa. Chakula chote kiwe ndani ya gari lililofungwa, na samaki wa kukaanga, ambao hatuwezi kusafiri bila wao, waliwe kabla ya giza na mifupa ifungwe vizuri, maana fisi naye ana pua. Hema lisisimamishwe juu ya njia ya ndovu: ni njia pana, imeshindiliwa, haina majani, mara nyingi hufuata mgongo wa kilima, na kando yake kuna mavi na miti iliyochubuliwa. Ndovu akipita usiku, kaeni ndani, kimya, tochi zimezimwa. Kupiga honi au kumulika ni kumwambia kwamba kuna ugomvi. Kukicha, mwiteni askari awasomee nyayo. Swali la mtoto, "Baba, huyu alikuwa mkubwa kiasi gani?", lina jibu, kwa sababu urefu wa wayo huongezeka na umri.

Nyani ni kero zaidi ya ndovu. Mkoba wenye zipu kwake si kitu.

Kuna mdudu mmoja ambaye wengi hawaambiwi habari zake: mbung'o. Shimba wanao, na wameutesa ufugaji wa jirani kwa kuambukiza ng'ombe nagana. Mwindaji huyu hutumia macho. Huvutwa na vitu vinavyosogea, na hasa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego utakayoiona ikining'inia ni ya vitambaa vya rangi hizo mbili. Sasa tazama tunavyovaa: jinzi ya buluu na fulana nyeusi. Vaeni rangi za udongo au majani makavu, fungeni vioo mkiendesha polepole kando ya msitu, na jioni chandarua kiwe tayari kwa ajili ya mbu. Kupe hukaa kwenye nyasi, kwa hiyo soksi ziwe juu ya suruali, na watoto wakaguliwe kabla ya kulala.

Kwenye msitu, tazameni juu. Mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, hukaa kileleni asubuhi akiota jua. Anakula majani, chakula kigumu ambacho tumbo lake lenye vyumba hulazimika kukichachusha taratibu, ndiyo maana nusu ya maisha yake inaonekana kama uvivu. Hapo hapo hupita ndege wa kijani ambaye akiruka mabawa yanafunguka mekundu. Rangi ile nyekundu imetengenezwa kwa madini ya shaba aliyoyapata kwenye chakula. Ndege wengi wengine hawana rangi ya namna hiyo. Usiku mtasikia kilio kama cha mtoto juu ya mti. Ni komba. Waambieni watoto mapema, la sivyo hakuna atakayekubali kwenda msalani.

Asubuhi ya pili inafaa maporomoko ya Sheldrick. Askari wa KWS huwasindikiza kwa miguu kushuka msituni hadi mahali maji yanapoanguka zaidi ya mita 20, yakafanya kidimbwi chini. Kushuka ni furaha. Kupanda kurudi na mtoto aliyechoka mgongoni ni habari nyingine, basi ondokeni mapema na mbebe maji ya kunywa.

Mimi lakini nikiwa njiani pale huwa naangalia chini. Kuna chura mdogo wa matete mwenye michirizi myekundu ambaye hajulikani kuishi popote duniani isipokuwa Shimba na kandokando yake. Na kuna kiumbe cha ajabu zaidi, ndugu wa vyura asiye na miguu, ambaye ukimwona utaapa ni nyungunyungu. Anaishi udongoni, chini ya majani yaliyooza na magogo. Jina lake la kisayansi ni Boulengerula changamwensis, na alipewa na Arthur Loveridge mwaka 1932, kwa sababu alijulikana kwanza kutoka Changamwe. Kwa hiyo mtoto wa Port Reitz ana mnyama mwenye jina la kwao anayetambuliwa na wanasayansi wa ulimwengu mzima, ilhali shuleni pengine hajawahi kutajiwa. Msigeuze magogo bila ruhusa ya askari, na likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, kwani ngozi ya wanyama hawa hukauka upesi na wao hupumua kwa ngozi hiyo.

Lini sasa? Kwa palahala tu, ningesema Februari: kumekauka, barabara nzuri, mnyama anaonekana kutoka mbali. Lakini watoto wako shuleni, na nyasi kavu zinawaka kwa kibiriti kimoja, hivyo jiko la gesi badala ya moto wa kuni. Desemba baada ya vuli ni nzuri, joto limerudi na majani ni mabichi. Agosti ina baridi na ukungu unaoweza kuwanyima mandhari hadi saa tatu, ila ndovu hawajali ukungu, na palahala akitokea humo hatua chache kutoka kwenye gari mtasamehe yote. Likizo ya Aprili masika huzigeuza njia za ndani kuwa utelezi, na gari dogo hukwama. Hiyo niachieni mimi na vyura.