Jua Ndani ya Matofali ya Kuchezea

Neno "nyuklia" likitajwa, wengi wetu tunafikiria bomu. Lakini ipo kazi nyingine ya nyuklia ambayo hata mtoto wa Utoto Mtakatifu anaweza kuielewa kwa kuijengea mfano wa matofali ya plastiki, kama yale ya Lego. Wanafunzi na wapenzi wa sayansi wa nchi mbalimbali wamejenga mifano hiyo. Tutazame inafundisha nini.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Mitambo ya nyuklia inayotoa umeme leo hupasua viini vizito vya urani. Myungano ni kinyume chake: viini vyepesi vya hidrojeni huungana kuwa heli, na nishati nyingi hutoka. Ndivyo Muumba alivyolijalia jua kuwaka.

Hapa duniani kazi hiyo inaandaliwa katika mtambo wa ITER, kusini mwa Ufaransa, unaojengwa na China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani, Urusi na Umoja wa Ulaya. Gesi itapashwa moto hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hakuna chuma kinachostahimili kuguswa na joto hilo. Kwa hiyo sumaku kubwa huishikilia gesi ielee bila kugusa kuta, ndani ya chumba chenye umbo la mpira wa ndani wa baiskeli. Chombo hicho huitwa tokamaki. Kilibuniwa na wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1950.

Mjenzi wa matofali hufuata mpangilio uleule. Hutengeneza vipande 9 vya chumba, kila kimoja na sumaku 2 zilizosimama, kisha huviunganisha kuwa duara lenye sumaku 18. Katikati husimamisha nguzo ya sumaku yenye sehemu 6, na kwa nje huzungusha pete 6. Upande mmoja huachwa wazi ili ndani paonekane, na gesi ya moto huwakilishwa na matofali ya rangi ya waridi. Mfano huo hauna joto wala sumaku, na watoto waambiwe hivyo. Unachoonyesha ni kwamba kipande kimoja kikikaa kombo, duara halifungi.

Ndivyo ilivyotokea kwenye mtambo wenyewe. Mwaka 2022 kipande cha kwanza kilishushwa mahali pake. Baadaye kasoro zilionekana kwenye kingo za kuchomelea, na mwaka 2023 kikatolewa ili kirekebishwe. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 inaweka mwanzo wa utafiti mwaka 2034. Baadhi ya wajenzi watastaafu kabla ya siku hiyo, kama mafundi wa makanisa makuu ya kale waliojengea wajukuu.

Kanisa halitazami jambo hili kwa mbali: Vatikani ni mwanachama mwanzilishi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, tangu 1957. Hata hivyo tusiahidi makubwa. ITER ni mtambo wa utafiti, hautaingiza umeme kwenye gridi. Mama anayepika kwa mkaa parokiani anahitaji jiko bora na miti iliyopandwa mwaka huu. Tumtunze yeye leo, huku tukiwaandaa watoto wake kwa sayansi ya kesho.