Nusu ya Geji Si Nusu ya Tangi

Mwenye tangi la kubebeka la lita 24 hulinyanyua, akalitikisa, akajua amebakiwa na nini. Tangi la lita 120 lililofungiwa chini ya sakafu ya boti ya faiba, juu kidogo ya mkuku, halinyanyuliki. Nahodha wake anategemea mshale mmoja kwenye dashibodi, na nyuma ya mshale huo kuna kifaa ambacho mafundi wengi hukiita floti. Floti ikiharibika hununuliwa nyingine, ikafungwa, skrubu zikakazwa, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza.

Ndani ya tangi kuna boya lililoshikwa na mkono wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, na ule mkono husogeza kiguso kidogo juu ya waya nyembamba kama unywele iliyozungushwa mara nyingi. Kiguso kinapohama, umeme hulazimika kupita kwenye waya ndefu zaidi au fupi zaidi, kwa hiyo ukinzani unabadilika. Mjerumani Georg Ohm alieleza mwaka 1827 uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani, na geji inaishi kwa kanuni hiyohiyo. Ndani yake mna koili mbili zinazovuta mshale kwa sumaku, kila moja upande wake. Ukinzani wa floti ndio unaoamua koili ipi ivute kwa nguvu zaidi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba betri ikichoka koili zote mbili hudhoofika pamoja, na mshale haupotoki sana.

Sasa kuna jambo linalowagharimu wengi dukani. Ukinzani hupimwa kwa omu: floti za mfumo wa Marekani hutoa omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Zile za Ulaya huenda kinyume: kama omu 10 likiwa tupu, na 180 likijaa. Ukiioanisha floti ya Ulaya na geji ya Marekani, mshale utapanda kadiri mafuta yanavyoisha. Soma namba kabla ya kulipa.

Tofauti hiyo ina matokeo mengine ambayo hayazungumzwi vya kutosha. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya. Ukivua kishikio cha athi, yaani waya ya kurudishia umeme kwenye betri, juu ya tangi, mara nyingi utaona unga wa kijani wa shaba iliyoliwa, na unga huo ni ukinzani usioalikwa. Tuseme umeongeza omu 30. Kwenye mfumo wa Marekani ukinzani ukizidi mshale hushuka, basi nahodha huambiwa ana mafuta kidogo kuliko aliyonayo, akarudi mapema. Kwenye mfumo wa Ulaya mshale hupanda. Mafuta yanakaribia kuisha, na geji bado inamwonyesha kuna kitu. Mwenye mfumo wa Ulaya ana sababu kubwa zaidi ya kusugua viungo vyake na kuvipaka grisi.

Ndiyo maana kabla ya kuilaumu floti ni busara kupima. Fanya hivyo nyuma ya geji, mbali na tangi. Chomoa waya ya floti, washa swichi: geji ya Marekani italala kwenye tupu. Gusanisha kituo hicho cha geji na athi: mshale utaruka hadi kujaa. Mshale ukifanya hivyo, geji ni nzima, na tatizo liko kwenye waya, athi au floti yenyewe. Tangi la plastiki halipitishi umeme, kwa hiyo floti yake lazima iwe na waya yake ya athi.

Kufungua tangi kunataka heshima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hautoki juu, unatiririka hadi kwenye ngama na kukaa humo. Ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa, cheche moja inatosha. Tenganisha betri kwanza, fungua vifuniko vyote, uache upepo upite, na pasiwe na sigara wala simu karibu na shimo.

Floti mpya huja na mkono mrefu unaopaswa kukatwa na kupindwa kulingana na tangi lako. Hapa jiometria inasaidia. Mkono huzunguka kama nyuzi 45 juu ya usawa na 45 chini yake, hivyo urefu wake unaofaa ni kama asilimia 70 ya kina ambacho boya litasafiri, na ekseli yake ikae katikati ya kina hicho. Kwa safari ya sentimita 36, mkono ni sentimita 25 na nusu. Kabla ya kuitumbukiza, ishike mkononi, unganisha mita ya umeme, inua na ushushe boya taratibu. Namba zikiruka au kukatika mahali, usiifunge. Matundu matano ya bamba lake hayakupangwa kwa umbali sawa, makusudi, ili likae namna moja tu. Hakikisha namna hiyo haigongeshi boya na ukuta wa ndani wa tangi au bomba la kunyonyea. Gasketi iwe ya mpira unaostahimili petroli, na skrubu zikazwe kwa kupishana.

Halafu lile la mwisho, ambalo ndilo sababu ya kuandika haya. Floti hupima kimo cha mafuta. Chini ya boti nyingi tangi hufuata umbo la V la chombo, pana juu na jembamba chini. Kwenye umbo hilo ujazo hufuata kipeo cha pili cha kimo: tangi la lita 120 lenye kina cha sentimita 40 likibaki na sentimita 20, halina lita 60, lina 30. Kwenye sentimita 10 zimebaki lita 7 na nusu, na injini ya hp 40 ya mipigo miwili ikikimbizwa huzimaliza kwa chini ya nusu saa. Hakuna kilichoharibika hapo, ila nahodha ameelewa nusu ya kimo kuwa nusu ya mafuta.

Dawa yake ni kadi. Tangi likiwa tupu na boti imetulia sawasawa, tezi na omo, mimina lita 10, subiri mshale utulie, andika ulipo. Rudia hadi lijae. Bandika kadi hiyo kando ya geji. Manahodha wengi hugawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba. Kwenye tangi la V lililo sawa na mfano wetu, fungu la kwanza huisha mshale ukiwa bado juu ya robo tatu, kwenye asilimia 82 ya kimo, na hapo ndipo pa kugeuza chombo. Akiba nayo huanza kuliwa mshale ukisimama kwenye asilimia 58, juu ya nusu.