Uwanja wa Wilson na Haki ya Jirani: Risasi Iliyomo Katika Mafuta ya Ndege Ndogo



Juma hili twaelekeza macho Nairobi, kwani ni nadra kupata nyumba ya Mwambao isiyo na mtu wake huko, kwa masomo, kazi au ndoa. Wengi wao wamekaa South C, Nairobi West, Lang'ata na Kibera, mitaa iliyo kusini na kusini-magharibi mwa katikati ya mji. Mitaa hiyo ina jirani mmoja asiyetulia mchana kutwa, nao ni Uwanja wa Ndege wa Wilson. Msafiri wa Lamu anayepanda ndege Manda mara nyingi hushukia hapo.

Uwanja huu ni wa zamani. Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege mwaka 1929, na mwaka 1962 uwanja huo, ambao awali ukiitwa Nairobi West, ukapewa jina lake. Lakini wapo waliomtangulia. Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, walikwisha kujenga Kibra tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hati ya ardhi yao, ekari 288, hawakuipata ila mwaka 2017. Basi asemaye kwamba wakaazi wote waliufuata uwanja kwa hiari yao hajaisoma historia ya mahali hapo.

Wala hatuandiki haya ili uwanja ufungwe. Manufaa yake hayafichiki. Madaktari Warukao wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, huruka kutoka hapo kwenda kuwachukua wagonjwa walio mbali na hospitali. Misaada na wahudumu wake hupitia hapo kwenda kwa wenye njaa na waliokimbia vita. Hata hivyo wema wa jirani hauondoi haki za jirani mwenziwe, na kanuni ya wanavyuoni wetu yajulikana: madhara huondolewa.

Madhara yanayotajwa sana ni kelele, na serikali ilitunga kanuni za kuzidhibiti mwaka 2009. Sisi twataka kusema juu ya jambo lisilosikika wala kuonekana. Jambo hilo ni risasi. Hatukusudii risasi ya bunduki, bali madini yenyewe, ambayo Waarabu huyaita raswasi, na ambayo ndiyo yaliyoipa ile ya bunduki jina lake.

Kwa miaka mingi petroli ya magari ilitiwa risasi ili injini isigonge. Moshi wake ukaenea mijini, ukatua katika mchanga na vumbi, ukaingia miilini mwa watoto. Mwaka 2001 serikali za Afrika zilikutana Dakar zikaazimia kuiondoa, na kufikia mwisho wa mwaka 2005 nchi zilizo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa miongoni mwao, zikawa zimeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021. Kampeni hiyo iliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo Gigiri, Nairobi hiyo hiyo.

Lakini katazo hilo lilihusu magari tu. Ndege ndogo zenye injini za pistoni, kama zile nyingi ambazo wanafunzi wa urubani hujifunzia, bado hutumia petroli yenye risasi. Aina yake iliyoenea huitwa 100LL, na herufi hizo mbili zadai kwamba risasi yake ni kidogo. Kidogo hicho chaweza kufika gramu 0.56 katika kila lita. Tusichanganye mambo, kwani ndege kubwa, na hata zile za pangaboi zinazoendeshwa kwa injini za tabo, hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yasiyotiwa risasi. Hivyo ndege ya abiria wa Lamu si lazima iwe ndiyo yenye lawama. Wilson ina shule za urubani, na ndege ya mwanafunzi hupaa, huzunguka na kutua mara nyingi kwa siku moja, tena juu ya mitaa ile ile.

Wenzetu walikwisha kupima. Katika mji wa San Jose, jimbo la California, Marekani, watafiti walichunguza vipimo vya damu vya maelfu ya watoto waliokaa karibu na uwanja mdogo wa Reid-Hillview. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Waliokaa ndani ya takriban mita 800 walikuwa na risasi zaidi kuliko waliokaa mbali, na waliokaa upande uvumiako upepo walizidi. Kuanzia Januari 2022 wenye mamlaka ya wilaya hiyo wakakomesha uuzaji wa petroli ya risasi uwanjani hapo, wakaleta isiyo na risasi. Mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani ikatamka rasmi kwamba risasi ya ndege hizo ni hatari kwa afya ya umma.

Kipimo cha San Jose hakiwezi kuhukumu Nairobi. Upepo ni mwingine, idadi ya ndege ni nyingine na nyumba zimejengwa vingine. Lakini chatufundisha nini cha kudai: hewa na mchanga vipimwe kuuzunguka uwanja, hasa karibu na pale marubani wanapoivumisha injini kabla ya kupaa, watoto wa karibu wapimwe damu, na matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mama wa Kibera ataielewa. Haya si maombi ya hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 35 haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Sisi watu wa Mwambao hatuhitaji kuelezwa gharama ya kuchelewa. Owino Uhuru, hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakaazi risasi, na mama mmoja, Phyllis Omido, akasimama kuwatetea baada ya mwanawe mchanga kuugua. Mahakama iliwaamulia wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, miaka mingi baada ya kilio cha kwanza. Fidia hulipa hasara, lakini hairudishi akili ya mtoto iliyodumaa.

Kwani hilo ndilo jeraha la risasi. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hupungukiwa na uwezo wa kujifunza na kutulia, na wazazi wakadhani ni uvivu au utundu. Risasi hujificha mifupani, na mama mja mzito humpitishia mwanawe aliye tumboni.

Huku tukidai, nyumbani pana la kufanya. Ada yetu ya kuvua viatu mlangoni huzuia vumbi, basi tuishike. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa kikavu. Watoto wanawe mikono kila kabla ya kula. Maziwa, dagaa, kunde na mboga za majani huupa mwili chokaa na chuma, na mwili uliovipata hufyonza risasi kwa uchache. Na tuuchunguze wanja tunaowapaka watoto, kwa maana baadhi ya aina zake hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi hiyo hiyo. Mwenye wasiwasi amwombe daktari kipimo cha damu, kwa kuwa kwa macho haijulikani.

Enyi wazazi mlio na watoto na wajukuu katika mitaa ile, ulizeni katika mikutano ya mtaa, ya wazazi shuleni na ya kamati za misikiti: hewa yetu imepimwa lini, na mafuta yasiyo na risasi yataletwa lini? Watoto hawana sauti katika vikao hivyo. Sauti yao ni nyinyi, na amana hiyo mtaulizwa. Wabillahi tawfiq.