Rangi ya Barabarani Huangusha Pikipiki Siku ya Mvua

Wakulima wa skimu, maziwa, viazi na kabichi nyingi za mashamba yetu siku hizi hushuka Nakuru kwa pikipiki, hasa tangu 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki za injini ndogo. Basi yafaa tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo huvunja miguu na kumwaga maziwa: mistari ya rangi barabarani inapolowa.

Mtu atokaye Bahati au Dundori hushika murram kwa hadhari, kwa kuwa anaujua utelezi wake. Akipanda lami hujiona amefika nyumbani, akaongeza mwendo. Mbele yake, akikaribia mjini pande za Bondeni, kuna vivuko vya waendao kwa miguu, mishale, na mistari ya kusimamia. Hapo ndipo penye hatari, tena ni pale pale anapotaka kushika breki au kukata kona.

Lami nzuri si laini. Ina kokoto zilizochomoza kidogo, na mpira wa gurudumu huzishika kama mkono ushikavyo mpini mkavu wa jembe. Rangi huziba nafasi zilizo kati ya kokoto hizo. Iko rangi inayoyeyushwa kwa moto na kutandazwa kwa unene wa milimita 2 au 3, nayo hutiwa shanga ndogo sana za kioo ili ing'ae usiku kwa mwanga wa taa. Ni kazi njema, lakini maji yakianguka juu yake hayana pa kukimbilia. Hubaki kama utando, na mpira hupita juu ya utando huo bila kushika kitu. Matone ya kwanza baada ya kiangazi ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu hukoroga vumbi na mafuta yaliyodondoka, nasi watu wa Nakuru vumbi hatulikosi.

Gari lina magurudumu manne, hivyo moja likiteleza mengine hushika. Pikipiki ina mawili, na sehemu ya mpira inayogusa barabara ni ndogo kuliko kiganja chako. Gurudumu la mbele likiteleza ukiwa umelala upande, utakuwa chini kabla mguu haujapata pa kukanyaga.

Sasa fikiri juu ya mzigo. Mkebe wa lita 50 una maziwa ya zaidi ya kilo 50. Mikebe miwili nyuma ya kiti hukandamiza gurudumu la nyuma na kulipunguzia uzito la mbele, nalo ndilo la kuongozea. Mkebe usiojaa ni mbaya zaidi: maziwa huyumba ndani, yakaisukuma pikipiki unapopinda.

Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuifikia rangi, si ukiwa juu yake. Ivuke pikipiki ikiwa wima, uachie breki, usikaze mafuta ghafula. Usifuate mstari kwa urefu. Ukate moja kwa moja. Ukihisi gurudumu la mbele linateleza ukiwa umeshika breki, achia breki ya mbele mara moja, wala usikunjue usukani kwa nguvu.

Mpira uliokwisha meno hauondoi maji hata kwenye lami tupu. Mpira wa zamani uliokaushwa na jua huwa mgumu, hata kama meno yangalipo. Mpya nao una uso laini. Uende nao taratibu kwa kilomita 100 za kwanza. Upepo ujazwe kama kitabu cha pikipiki kisemavyo. Lakini usidanganyike: hata mpira mzuri hupungua nguvu juu ya rangi iliyolowa. Ukitaka kuona, simama kando siku ya mvua, magari yakiwa mbali, usugue soli ya kiatu juu ya lami, kisha juu ya mstari.

Kofia ngumu na koti la kung'aa vimo katika sheria tangu 2012, kwa dereva na abiria wake.

Na wewe mwenye ng'ombe unayebaki nyumbani, kijana akianguka kwa haraka uliyomtia wewe, lawama si yake peke yake. Siku ya mvua kamua nusu saa mapema, jaza mikebe hadi shingoni, uifunge imara, na umpe kijana nafasi ya kwenda polepole mpaka kituo cha kupozea maziwa.