Kabla Hujajenga Shambani, Chimba Shimo Kwanza



Machi iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja anayelima nyanya za biashara huku kwetu Shinyanga. "Bwana shamba, nyanya zangu zinageuka njano, na urea nimeshaweka mara mbili!" Nikapanda pikipiki. Nilipofika, kabla hata sijaziona nyanya, macho yalitua kwenye stoo yake mpya. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukashuka mpaka kwenye msingi, vidole viwili vinapita. Nyuma ya stoo, karo la choo cha vibarua lilikuwa linafurika, maji yanaelekea kisimani. Kisima hichohicho ndicho anachomwagilia nyanya na kuzioshea kabla ya kupeleka sokoni.

Yeye alihesabu matatizo matatu. Mimi niliona moja tu: udongo.

Alikuwa amejenga kila kitu upande wa chini, karibu na barabara, kwenye mbuga. Ndio ule udongo mweusi wa mfinyanzi: ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Msingi ulioukalia unanyanyuliwa wakati wa mvua na kushushwa kiangazi, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Ukuta lazima upasuke. Ukiziba ufa kwa saruji bila kugusa chanzo, mwakani unarudi.

Na karo je? Hapo ndipo wengi tunadanganyika. Alijenga Septemba. Fundi alimwaga ndoo kadhaa za maji kwenye shimo la kunyonyea, yakapotea papo hapo, wote wakafurahi. Kumbe maji yalikuwa yanaingia kwenye nyufa, si kwenye udongo wenyewe. Mvua zilipoanza Novemba udongo ukavimba, nyufa zikajifunga, shimo likageuka ndoo. Udongo uliopima Septemba siyo utakaokuwa nao Machi.

Nyanya nazo zilikuwa zimesimama kwenye maji. Mizizi ikikosa hewa haiwezi kula mbolea, hata uweke mifuko mingapi.

Kinachouma ni kwamba upande wa juu wa shamba lake kuna luseni, udongo wa kichanga, na alikuwa ameuachia mbuzi. Wazee wa Kisukuma waliyapa maeneo haya majina kwa sababu: luseni juu karibu na vilima vya mawe, itogolo katikati penye tabaka gumu chini, mbuga bondeni. Juu walijenga na kupanda mihogo na karanga. Bondeni walilima mpunga, na dengu mvua zikiisha, maana mbuga inatunza unyevu muda mrefu.

Sasa wewe kabla hujaita fundi, fanya hivi:

1. Chimba mashimo matatu: juu, katikati na chini ya shamba, kila moja mita 1.5. Angalia udongo unabadilika wapi, kuna tabaka gumu au hakuna, na maji yanatokea kina gani. Mwisho wa mvua ndio wakati mzuri.

2. Lowanisha udongo kidogo, uviringishe mkononi. Ukitoa kamba ndefu nyembamba isiyokatika, ni mfinyanzi. Ukibomoka, ni kichanga.

3. Pale unapotaka shimo la kunyonyea, chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, kifike kina kilekile. Kijaze maji na ukiache kilowe usiku kucha. Mbugani kiangazi rudia siku kadhaa mpaka nyufa zifunge. Kisha weka maji ya kina cha sentimita 15, upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa nzima, hapo hapafai. Yakipotea yote ndani ya dakika chache, ni mchanga mtupu: maji taka yatafika kisimani kabla hayajachujwa, kwa hiyo sogea mbali zaidi.

Mahali popote, choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa kisima.

Kama shamba lako lote ni mbuga, usikate tamaa, ila panga gharama mapema. Udongo mweusi uondolewe chini ya msingi mpaka kufikia tabaka imara, ujaze moramu na kuishindilia kwa matabaka, au umwage jamvi la zege lenye nondo. Kwa jengo kubwa muone mhandisi. Choo kiinuliwe, au karo liwe la kuzibwa kabisa na kunyonywa na gari. Mboga zipande kwenye matuta yaliyoinuliwa sentimita 30, mifereji katikati, samadi ya kutosha. Na usilime udongo ukiwa tope; utapata mabonge kama tofali.

Kwenye luseni mambo ni kinyume: maji na mbolea vinapita haraka. Gawa urea kidogo kidogo, ongeza samadi, tandaza nyasi.

Yule kijana tulianza na kisima: akaacha kukitumia mpaka karo liliponyonywa na kufungwa, kisha kikasafishwa na kutiwa dawa. Choo kipya amekijenga luseni, mbali na kisima. Stoo hakuibomoa, ila ameweka mabati ya kukinga maji ya paa na sakafu ya zege kuzunguka ukuta, ili unyevu chini ya msingi usibadilike sana. Nyanya za msimu ule zilikufa. Za sasa ziko kwenye matuta.

Aliniambia stoo ile aliijenga kwa mkopo, na bado anaulipa. Kuchimba mashimo matatu kungemgharimu siku moja na jembe lake mwenyewe.