Istilahi za Kona: Udereva wa Mashindano katika Kiigizi

Kutokana na kuenea kwa mashindano ya magari yanayoendeshwa kwa kompyuta, kwa usukani na vikanyagio pasipo gari lenyewe, imeonekana haja ya kuyachunguza maneno yanayotumika kuufundisha udereva huo. Mtambo wake tutauita kiigizi. Katika makala haya tutajihusisha na kona peke yake, kwani ndipo mwanafunzi anaposhindwa zaidi.

Agizo lililozoeleka ni "kata kona". Msemo huu huficha matendo matatu: kupunguza mwendo, kugeuza usukani na kuongeza mwendo. Asiyetenganishiwa matendo hayo huyachanganya, na gari likamshinda. Tena, barabarani mwili humwonya dereva kwamba gari linateleza. Katika kiigizi ambacho kiti hakisogei, hana budi kutegemea macho, masikio na uzito wa usukani mkononi. Kwa hiyo neno la mwalimu halina budi kuwa bayana.

Msaada tunaupata pwani. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Mabaharia wa Mikindani na Msimbati wanafahamu kwamba jahazi lililosimama haliitikii usukani, mpaka maji yapite kando yake. Vivyo hivyo, magurudumu ya mbele hayageuzi gari ikiwa tairi hazikushika njia, jambo linalofahamika na kila aliyepita na gari katika mchanga. Kwa msingi huo tunapendekeza:

(a) Mshiko: nguvu ya tairi kushikamana na njia. Mshiko una kiasi. Breki ikiutumia wote, haubaki wa kugeuzia. Ndiyo sababu breki hukanyagwa kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha huachiwa kidogo kidogo kadiri usukani unavyogeuzwa.

(b) Mguso: mahali gari linapoukaribia zaidi ukingo wa ndani wa kona. "Kilele" humpeleka msomaji mlimani. "Kitovu" katika hisabati ni katikati ya duara. Yote mawili tumeyaacha.

(c) Kupitiliza: usukani umegeuzwa, lakini gari linaendelea mbele.

(d) Kutupa mkia: magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko na kutoka nje ya kona.

Tofauti ya (c) na (d) si ya maneno matupu. Anayepitiliza apunguze mwendo na aulegeze usukani kidogo, wala asiuzidishe. Aliyetupa mkia auelekeze usukani upande uleule mkia unakokwenda. Mfasiri akiyaita yote mawili "kuteleza", atamfanya dereva atumie dawa ya ugonjwa mwingine. Katika kiigizi kosa hilo halimjeruhi mtu. Lakini mazoea ya mkono yanaweza kumfuata dereva hadi barabarani.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walio karibu na mabaharia na madereva wa Mtwara, watuletee maneno yanayofaa kuliko haya.