Utangulizi: Elimu ya Ukingo

Ukienda soko la Mpondwe, pale Bwera inapopakana na Kasindi ya Kongo, chukua kitenge na, kabla ya kuuliza bei, shika ukingo wake mrefu. Ndipo jina la kiwanda huchapwa mara nyingi. Ukwangue kwa kucha: haufumuki. Kwenye kitanda cha mfumi, uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, ukifika pale huzunguka mtande, yaani nyuzi za urefu, ukarudi ulikotoka.

Sasa tazama upande uliokatwa kwa mkasi. Nyuzi za mtande zimebaki vichwa wazi, na mshindio wa mwisho haushikwi na kitu. Ukichomoka huo, wa pili nao huachiliwa. Elimu tunayoianza hapa ni ya kutafuta cha kuushika.

Kitambaa chenyewe husaidia, au hukaidi. Wilaya ya Kasese, ilipo Mpondwe, inalima pamba, kwa hiyo wengi wenu mmewahi kuipekecha vidoleni: ni nyuzinyuzi fupi zinazong'ang'aniana. Uzi uliosokotwa kwazo hukwama kwa jirani yake. Satini ina nyuzi laini zinazoruka nyingine kadhaa kabla ya kuzama, basi huteleza. Jihadharini pia na kitenge kipya. Wanga wa kiwandani hukishikilia kwa muda, na kikishafuliwa ndipo utakapojua fundi wako alifanya nini.

Mkato wa hanamu ndio unaonifurahisha kuliko yote. Ukikata kimshazari, hakuna uzi unaolala sambamba na ukingo, hivyo hakuna wa kuchomoka mzima mzima. Mkasi wa meno hutumia siri hiyohiyo. Kila jino ni hanamu ndogo.

Ovaloki huzungushia ukingo nyuzi mpya, na ni kazi nzuri. Hata hivyo, simfundishi mtu ovaloki kabla hajapinda kwa mkono: mkunjo mwembamba, wa pili juu yake, kichwa cha uzi kikafichwa ndani. Moto wa mshumaa huyeyusha ukingo wa nailoni ukaganda. Pamba huungua tu (nimeona mikono ya gauni ikiharibika hivyo).

Kabla ya sura ya kwanza, kata vipande vitatu vya kitenge kimoja: kimoja kwa mtande, kimoja kwa mshindio, kimoja hanamu. Vifue kwa mikono, uvianike, kisha uhesabu nyuzi zilizobaki kwenye beseni.